Namna ya Kuandaa Orodha ya Machapisho na Mawasilisho ya Wahadhiri Isiyorudishwa: Mwongozo Kamili

Kila unapokaribia mwisho wa Juni, idara za vyuo vyetu hapa Dodoma huanza kukusanya orodha ya kazi ambazo wahadhiri wamechapisha na kuwasilisha ndani ya mwaka, na kila mwaka naona orodha zilezile zikirudishwa kwa makosa yaleyale. Nimefanya kazi ya kuzikusanya idarani kwa miaka kadhaa, na ninachokiona kinaniuma, kwa sababu mara nyingi kazi yenyewe imefanyika vizuri. Mtu amekwenda Bahi, Kongwa au Chamwino kukusanya data juani, akaandika makala, akavumilia miezi ya marekebisho ya wahakiki, halafu jasho hilo lote likakosa kuhesabiwa kwa kuwa ingizo lake halina namba ya juzuu au cheti chake hakisemi kwamba aliwasilisha.

Mwongozo huu unashughulikia jambo moja tu: namna ya kuandika orodha hiyo ili ipite mara ya kwanza. Kanuni inayobeba hatua zote ni kwamba kila ingizo ni dai, na anayelisoma lazima aweze kulithibitisha mwenyewe bila kukupigia simu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usifungue kompyuta kuandika ingizo la kwanza kabla hujawa na vitu hivi mezani:

- Waraka wa idara au kitivo unaoeleza kipindi kinachohesabiwa na mtindo wa marejeleo unaotakiwa.
- Faili la PDF la kila chapisho kama lilivyotoka kwa mchapishaji, wala si rasimu yako.
- Barua au baruapepe ya kukubaliwa kwa kila makala ambayo bado haijatoka.
- Kwa kila wasilisho: ratiba ya kongamano, ikisiri iliyochapishwa, cheti, na slaidi zako.
- Namba yako ya ORCID, yaani namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti. Kama huna, jisajili leo. Haina malipo na huchukua dakika chache.
- Folda moja kwenye kompyuta na nakala yake mahali pengine nje ya kompyuta hiyo.

Kuhusu hiyo nakala ya pili, tafadhali usiitegemee flashi peke yake. Flashi hupotea, na virusi vya kompyuta za maktaba na vibanda vya uchapaji vimekwisha kufuta vyeti vya watu wengi ninaowafahamu.

## Hatua ya 1: Weka mipaka ya kipindi

Soma waraka na uandike juu ya ukurasa tarehe ya kuanzia na tarehe ya kuishia. Idara nyingine huhesabu mwaka wa fedha wa serikali, yaani tarehe 1 Julai hadi 30 Juni. Nyingine huhesabu mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba. Nyingine hufuata mwaka wa masomo. Mhadhiri anayechanganya hivi hujikuta ameingiza makala moja katika miaka miwili, na mkaguzi akiligundua hilo huanza kuutilia shaka ukurasa mzima.

Tatizo kubwa hapa ni makala zenye tarehe mbili. Majarida mengi sasa huweka makala mtandaoni kwanza, kisha baada ya miezi kadhaa huipangia juzuu na toleo, kwa hiyo makala hiyohiyo inaweza kuwa na mwaka 2023 mtandaoni na mwaka 2024 katika toleo. Chagua tarehe moja kwa kufuata waraka wa idara. Kama waraka haukusema, uliza kwa maandishi na uhifadhi jibu. Ukishachagua, usibadilishe mwaka unaofuata.

Utajua umefaulu pale ambapo kila faili lililo ndani ya folda lina tarehe inayoangukia ndani ya mipaka uliyoiandika, na yaliyobaki umeyahamishia kwenye folda ya mwaka mwingine.

## Hatua ya 2: Tenganisha kwa aina na kwa hali

Machapisho na mawasilisho hayachanganywi. Ndani ya machapisho, tenga makala za majarida yanayohakikiwa, vitabu, sura za vitabu, makala zilizochapwa katika kumbukumbu za kongamano, na tahakiki za vitabu. Ndani ya mawasilisho, tenga hotuba elekezi, mawasilisho ya mdomo, mabango, na mihadhara ya mwaliko.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: nikiwasilisha utafiti kwenye kongamano na baadaye ukatoka kama makala, naandika mara ngapi? Jibu ni kwamba unaandika mara mbili, lakini katika sehemu mbili tofauti, kwa kuwa kusimama mbele ya watu ni tendo moja na kuchapishwa ni tendo lingine. Kisichokubalika ni kuandika makala moja chini ya "makala za majarida" na tena chini ya "kumbukumbu za kongamano" wakati ilichapishwa mahali pamoja tu.

Baada ya aina, andika hali. Maneno matatu yanatosha: *imechapishwa*, *imekubaliwa*, *inahakikiwa*. Makala uliyoituma wiki iliyopita haijakubaliwa, hata kama mhariri alikujibu kwa upole kwamba ameipokea. Idara nyingi hazihesabu kabisa makala zinazohakikiwa, na kuiweka makala ya namna hiyo miongoni mwa zilizochapishwa kunaweza kukugharimu heshima yako wakati wa kupandishwa cheo, pale mafaili ya miaka mitano yanapowekwa pamoja na kulinganishwa.

## Hatua ya 3: Andika ingizo la chapisho

Hii ndiyo hatua inayoangusha watu wengi zaidi, hivyo tutakaa hapa kwa muda. Tazama ingizo hili, ambalo nimelibuni lakini linafanana na mengi niliyoyapokea:

> Fulani, Ukame na mtama Dodoma, Jarida la Kilimo, 2024.

Msomaji hawezi kulitafuta. Hajui kama Fulani aliandika peke yake, kichwa kimefupishwa, jina la jarida halijakamilika, na hakuna juzuu wala kurasa. Sasa tazama ingizo hilohilo likiwa limekamilika:

> Fulani, A. J., na Mwenzake, B. K. (2024). Uamuzi wa wakulima wadogo kupanda mtama badala ya mahindi katika vijiji vya nusu jangwa. *Jina kamili la jarida*, 12(2), 45–61. https://doi.org/10.xxxx/xxxxx. ISSN 0000-0000. Hali: imechapishwa. Ushahidi: faili namba 03.

Tuyapitie yaliyobadilika.

Majina ya waandishi. Waandike wote, kwa mpangilio uleule uliopo kwenye makala. Usijihamishe mbele hata kama wewe ndiye uliyebeba mzigo mkubwa. Mpangilio ulikwisha kukubaliwa siku makala ilipotumwa, na kuubadilisha ni kutoa taarifa ya uongo. Ukitaka jina lako lionekane haraka, likoleze wino. Kama mmoja wa waandishi ni mwanafunzi wako wa umahiri au uzamivu, weka alama na uieleze chini ya ukurasa, kwa kuwa usimamizi nao una thamani yake.

Majina yetu yana shida ya pekee. Mtanzania ana majina matatu, na kila jarida huyakata linavyotaka: leo unaitwa kwa jina la baba, kesho kwa jina la ukoo, na dada zetu walioolewa katikati ya safari ya kitaaluma huwa na majina mawili kabisa. Hapo ndipo ORCID inaposaidia. Ni namba ya tarakimu 16 katika mafungu manne, na wakati mwingine alama ya mwisho huwa herufi X, usidhani imekosewa. Namba hiyo haibadiliki hata jina likibadilika, hivyo iandike mara moja juu ya orodha yako na uiweke katika kila makala unayotuma.

Jina la chuo. Angalia kwenye ukurasa wa kwanza wa makala jina la taasisi yako limeandikwaje. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana ni taasisi mbili tofauti zilizo katika jiji moja, na ukijiandikia tu "chuo kikuu, Dodoma", anayetafuta kazi za taasisi yako hatazipata zako. Tumia jina rasmi, lilelile, kila mara.

Kichwa cha makala. Kinakiliwe neno kwa neno katika lugha iliyotumika kuchapisha. Usikitafsiri, maana kichwa kilichotafsiriwa hakitafutiki.

DOI. Hiki ni kitambulisho cha kudumu cha chapisho na daima huanza na 10, ikifuatiwa na nukta. Kiandike kama anwani kamili, kisha ukibonyeze mwenyewe kutoka kwenye orodha yako. Kikifungua makala yako, vema. Kikifungua makala ya mtu mwingine, umenakili vibaya. Kikikataa kabisa baada ya wiki kadhaa tangu makala itoke, mwandikie mhariri, kwa sababu yapo majarida yanayochapa namba zinazofanana na DOI ambazo hazijasajiliwa popote. Majarida halali yasiyo na DOI nayo yapo, hasa yanayotoka kwa karatasi. Kwa hayo weka ISSN, yaani namba ya kulitambua jarida, na uambatishe nakala ya jalada, yaliyomo na ukurasa wa kwanza.

Kurasa. Majarida ya mtandaoni huweza kukosa namba za kurasa na badala yake yakatoa namba ya makala. Iandike hiyo. Usihesabu kurasa za PDF na kuandika 1–14 kana kwamba ndizo kurasa za jarida.

Kwa vitabu na sura, ongeza wahariri, mchapishaji, mji na ISBN, yaani namba ya kukitambua kitabu. Tangu mwaka 2007 ISBN ina tarakimu 13, na vitabu vingi vilivyochapishwa Tanzania vina namba inayoanza na 978-9976 au 978-9987.

Onyo kwa wanaotumia Excel. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu za kurasa, ISSN na ISBN na uzipangie kuwa maandishi. Usipofanya hivyo, programu itadhani kurasa 3-12 ni tarehe na kuzigeuza, itaondoa sifuri za mwanzo za ISSN iliyoandikwa bila kistari, na ISBN yenye tarakimu 13 itaionyesha kama 9.78E+12. Nimewahi kukaa usiku mzima nikirudisha kurasa za idara nzima kutoka kwenye PDF, moja baada ya nyingine, kwa kosa hili ambalo lingezuiwa kwa sekunde kumi.

Utajua umefaulu ukichukua ingizo lolote, ukalifunika jina la mwandishi, na bado ukaipata makala ndani ya dakika mbili.

## Hatua ya 4: Andika ingizo la wasilisho

Chapisho lina bahati ya kubaki. Wasilisho hutoweka mara tu makofi yanapoisha. Kwa hiyo ushahidi wake hukusanywa siku ileile, ukumbini, kabla hujapanda basi au treni ya kurudi nyumbani.

Mwenzetu mmoja alisafiri kwenda kuwasilisha matokeo ya utafiti uliomchukua miaka miwili. Aliporudi alileta cheti chenye muhuri na saini, akakiweka mezani kwangu kwa furaha. Nilikisoma mara mbili kabla sijapata ujasiri wa kumwambia, "Mwalimu, hiki kinasema umeshiriki. Hakisemi umewasilisha." Ratiba alikuwa ameiacha hotelini. Tulichookolea ni kundi la WhatsApp la washiriki ambalo alikuwa bado hajajiondoa. Tukapanda juu ya mazungumzo hadi tukaikuta ratiba ya siku ya pili, ikiwa na jina lake, kichwa cha mada na saa aliyopangiwa.

Tangu siku hiyo nawaomba wahadhiri wote wakusanye mambo manne: ukurasa wa ratiba wenye jina na muda, ukurasa wa kijitabu cha ikisiri, cheti kinachotamka neno *kuwasilisha*, na slaidi zenye tarehe na jina la kongamano katika slaidi ya kwanza. Cheti kikitolewa kikisema *kushiriki* tu, nenda kwa sekretarieti palepale ukaombe barua ya mistari mitatu inayothibitisha kichwa cha mada yako. Siku ya kongamano wanaitoa kwa moyo mweupe. Baada ya miezi sita kamati imekwisha kuvunjwa na hakuna wa kumwuliza.

Ingizo lenyewe liwe na waandishi, mwaka na tarehe uliyowasilisha, kichwa cha mada, aina ya wasilisho, jina kamili la kongamano, mwandaaji, ukumbi, mji na nchi. Kongamano likifanyika siku tatu katika Kituo cha Mikutano cha Jakaya Kikwete na wewe ukasimama siku ya pili, andika tarehe zote za kongamano, kisha tarehe yako. Kama lilifanyika mtandaoni, andika "kwa njia ya mtandao" pamoja na mji wa mwandaaji. Usiandike kwamba uliwasilisha Nairobi wakati ulikuwa umekaa ofisini kwako Dodoma.

Andika pia nani alisimama. Mada yenye waandishi wanne huwasilishwa na mtu mmoja au wawili, na wote wanne wakiandika kwamba waliwasilisha, idara itaonekana imefanya mawasilisho manne badala ya moja. Piga mstari chini ya jina la msemaji.

Utajua umefaulu pale kila wasilisho linapokuwa na angalau vielelezo viwili vinavyotoka kwa mwandaaji na si kwako. Slaidi pekee hazitoshi, kwani mtu yeyote anaweza kuzitengeneza.

## Hatua ya 5: Kagua jarida lenyewe

Jambo hili linafaa kufanywa kabla ya kutuma makala, lakini lifanye pia kabla ya kuiorodhesha, kwa sababu ingizo moja lililotoka kwenye jarida la kilaghai huchafua yale tisa mazuri.

ISSN si cheti cha ubora. Ni namba ya kulitambua chapisho tu, na jarida la kilaghai linaweza kuwa nayo. Jiulize badala yake: je, wahariri wametajwa kwa majina na taasisi, na taasisi hizo zinawatambua? Je, kiasi cha ada kimeandikwa wazi kabla hujatuma? Je, makala yako ilirudi na maoni ya wahakiki, au ilikubaliwa baada ya siku tatu pamoja na namba ya akaunti? Tafuta jarida katika AJOL, ambayo tangu 1998 inakusanya majarida ya Afrika, na katika DOAJ, iliyoanzishwa 2003 kwa majarida yanayosomwa bure. Kutokuwemo humo hakulifanyi jarida kuwa baya, lakini kunakudai uchunguze zaidi.

Jihadhari pia na majarida pacha. Tapeli hufungua tovuti yenye jina na ISSN ya jarida halali, kisha hupokea ada za watu wasiojua. Ukiona tovuti mbili za jarida moja, tafuta mawasiliano kwa njia ya taasisi inayolimiliki, wala usiyachukue kwenye tovuti unayoitilia shaka.

Ukigundua umekwisha kudanganywa, iondoe makala hiyo kwenye orodha na umweleze mkuu wa idara. Hakuna aibu katika hilo. Wasomi wakubwa wamewahi kunaswa.

## Hatua ya 6: Unganisha orodha za idara

Hatua hii ni ya mkusanyaji. Wahadhiri watatu wa idara moja walioandika makala moja watakuletea maingizo matatu, kila moja likiwa na tahajia yake. Panga maingizo yote kwa DOI, si kwa majina. Yanayofanana yatakaa pamoja na utabakisha moja. Yasiyo na DOI yapange kwa kichwa na uyasome kwa macho yako.

Usirekebishe kosa la mtu kwa kukisia. Mrudishie mwenyewe na maelezo mafupi, mathalani: "Dokta, ingizo la tatu halina toleo, PDF iliyopo inaonyesha juzuu tu. Naomba ukurasa wa yaliyomo." Ujumbe wa namna hii hujibiwa siku hiyohiyo. Ujumbe unaosema "orodha yako ina makosa" hukaa wiki nzima.

## Hatua ya 7: Jaribu, kisha wasilisha

Mpe orodha mtu asiye wa fani yako, mkutubi akiwa bora zaidi, achague maingizo matano bila mpangilio na ajaribu kuyapata. Akikwama hata katika moja, rudi Hatua ya 3 au ya 4 na uyapitie yote, maana kosa hilo huenda halipo peke yake.

Liite faili kwa jina la idara, kipindi na tarehe. Vielelezo vipewe namba zilezile zilizo kwenye maingizo. Tuma kwa baruapepe badala ya WhatsApp, ili uwe na kumbukumbu ya siku na saa.

Mwisho, uliza maktaba kuhusu kuweka makala zako katika hazina ya kidijitali ya chuo. Kabla ya kuzipeleka, soma sera ya mchapishaji: makala yenye leseni huria kwa kawaida huwekwa kama ilivyo, lakini wachapishaji wengine huruhusu tu rasimu iliyokubaliwa, yaani ile ya baada ya marekebisho ya wahakiki na kabla ya kupangwa kurasa, na wakati mwingine baada ya kungoja miezi kadhaa. Ihifadhi rasimu hiyo siku unapoituma kwa mhariri, ndani ya folda ileile na kwa namba ileile ya ingizo lake, kwa kuwa ndiyo mkutubi atakayokuomba.